Mechi ya Tatu: Celtic na Racing, Montevideo 1967

Mwaka 1967 kadi nyekundu ilikuwa bado haijabuniwa. Refa akitaka kumtoa mchezaji alimwonyesha njia kwa kidole, akaongeza neno kama walikuwa wanaelewana lugha, na mchezaji akaondoka zake huku ananung'unika. Jumamosi ya tarehe 4 Novemba mwaka huo, katika Uwanja wa Centenario mjini Montevideo, refa Rodolfo Pérez Osorio wa Paraguay aliwaamuru wachezaji sita watoke. Watano walitoka. Wa sita alikataa, akabaki uwanjani mpaka filimbi ya mwisho, na hakuna aliyemgusa.

Mechi yenyewe haikuwa ya mchangani. Ilikuwa ya kumpata bingwa wa dunia kwa ngazi ya klabu: Celtic ya Glasgow, mabingwa wa Ulaya, dhidi ya Racing Club ya Avellaneda, mabingwa wa Amerika Kusini. Uskoti watu huihesabu kuwa ni aibu waliyofanyiwa. Avellaneda ni siku kuu. Tangu hapo imekuwa ikisimuliwa kwa Kiingereza zaidi kuliko kwa Kihispania, na ndiyo maana wengi wetu tunalijua teke la Tommy Gemmell wa Celtic lakini bao la Juan Carlos Cárdenas wa Racing hatulijui.

Kombe la Mabara lilianza mwaka 1960 kwa makubaliano ya shirikisho la Ulaya, UEFA, na lile la Amerika Kusini, CONMEBOL. Real Madrid ilikuwa ya kwanza kulinyakua, ikitoka sare ya 0-0 na Peñarol kule Uruguay kisha kuifumua 5-1 nyumbani. FIFA ilikaa pembeni, haikulitambua kuwa shindano lake. Kwa hiyo ubingwa wa dunia ukawa unagombewa katika kombe ambalo mwenye mpira duniani halimhusu, na ugomvi ukizuka kila upande unakimbilia kwa shirikisho lake. Halafu kulikuwa na kanuni ya pointi. Mechi mbili, nyumbani na ugenini, na jumla ya mabao haikuamua lolote: kila timu ikishinda moja, inachezwa ya tatu, palepale katika bara la mechi ya marudiano. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta balaa.

Celtic ilianzishwa karne ya 19 na Brother Walfrid, mtawa wa Kikatoliki aliyetaka kupata fedha za kuwalisha watoto wa wahamiaji maskini kutoka Ireland waliojazana mashariki mwa Glasgow. Kocha wake mwaka 1967, Jock Stein, alikuwa Mprotestanti na mchimbaji wa zamani wa makaa ya mawe huko Lanarkshire. Tarehe 25 Mei alikuwa ameipeleka timu Lisbon kupambana na Inter ya Helenio Herrera, mabingwa wa kufunga mlango wakishapata bao moja. Inter walilipata mapema, kwa penalti ya Mazzola dakika ya 7. Celtic wakawazingira kwa muda wote uliobaki. Gemmell akasawazisha, Stevie Chalmers akafunga la pili zikiwa zimesalia dakika chache. Wachezaji wote 11 walikuwa wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa klabu yao. Ilikuwa timu ya kwanza ya Uingereza kuchukua Kombe la Ulaya, na ilikuwa ya Waskoti, jambo ambalo Mskoti yeyote atakukumbusha kabla hujauliza.

Racing nao hawakuokota nafasi yao. Klabu hiyo ya mwaka 1903 huvaa rangi za bendera ya Argentina, bluu ya anga na nyeupe. Uwanja wake wa mviringo, unaoitwa El Cilindro, uko mita mia chache tu kutoka uwanja wa Independiente, watani wao wa jadi; mtu akifikiria Simba na Yanga wenye viwanja mtaa mmoja atapata picha. Juan José Pizzuti alipopewa timu mwaka 1965 ilikuwa inaburuza mkia. Akaiongoza mechi 39 za ligi bila kufungwa, ikatwaa ubingwa wa 1966, na Agosti 1967 ikachukua Copa Libertadores kwa kuifunga Nacional ya Montevideo 2-1 katika mechi ya tatu iliyochezewa Santiago, baada ya sare mbili za 0-0. Golini alikuwapo Agustín Cejas, ambaye baadaye alicheza Santos pamoja na Pelé. Katikati ya ulinzi alisimama Roberto Perfumo, beki aliyejua mpira hasa. Na kulikuwa na mzee wa timu, Humberto Maschio, aliyewahi kuchezea taifa la Italia: mwaka 1962, katika ile mechi ya Chile na Italia ya Kombe la Dunia iliyobatizwa jina la vita, alivunjwa pua kwa ngumi mchana kweupe. Ugomvi haukuwa mgeni kwake.

Independiente walikuwa wamewahi kufika hapo mara mbili, 1964 na 1965, na mara zote Inter wakawazuia. Argentina ilikuwa haijawahi kutoa klabu bingwa wa dunia. Kwa mashabiki wa Racing, kulipata kombe ambalo jirani alilikosa mara mbili lilikuwa jambo zito kuliko Ulaya yote.

Lakini kulikuwa na kidonda kibichi zaidi. Tarehe 23 Julai 1966, katika robo fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, nahodha wa Argentina Antonio Rattín alitolewa nje na refa wa Kijerumani, Rudolf Kreitlein, akakaa dakika kadhaa akigoma kutoka, anaomba mkalimani. England ilishinda 1-0. Baada ya mechi kocha Alf Ramsey aliwazuia wachezaji wake wasibadilishane jezi na Waargentina, na katika mahojiano akawafananisha na wanyama. Kauli hiyo ilivuka bahari upesi. Kwamba Celtic walikuwa Waskoti, na kwamba Ramsey hakuwa ndugu yao wala mjomba wao, Buenos Aires haikuwa tofauti yenye maana. Walitoka kisiwa kilekile.

Mechi ya kwanza ilipigwa Glasgow tarehe 18 Oktoba, uwanjani Hampden Park, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Racing walikuja kuzuia. Kila Jimmy Johnstone alipopokea mpira, winga mfupi mwenye nywele nyekundu ambaye beki hakuwahi kujua atampita upande gani, alikutana na ngwala, kiwiko au mkono unaomvuta jezi. Wenzake walisimulia kwamba alirudi chumbani nywele zimelowa mate. Dakika ya 69 John Hughes alipiga kona, nahodha Billy McNeill akaruka juu ya wote na kuujaza mpira wavuni kwa kichwa. 1-0. Stein alisema kidogo hadharani, lakini alijua marudiano yatakuwaje.

Ratiba pia haikuwahurumia. Celtic walikuwa wamekwisha kutolewa Kombe la Ulaya, raundi ya kwanza tu, na Dynamo Kyiv. Tarehe 28 Oktoba wakacheza fainali ya Kombe la Ligi la Uskoti, wakaifunga Dundee 5-3, kisha wakapanda ndege kwenda Argentina. Marudiano yalikuwa Jumatano ya tarehe 1 Novemba.

El Cilindro siku hiyo ulifurika. Timu zikiwa zinapasha misuli, kipa wa Celtic Ronnie Simpson, mtu wa miaka 37 aliyeanza soka kabla baadhi ya wenzake hawajaanza shule, alipigwa kichwani na kitu kilichorushwa. Akaanguka, damu zikimtoka. Kilitoka wapi? Nyuma ya goli kulikuwa na wavu wa kuzuia vitu vya jukwaani, kwa hiyo wapo wanaoamini aliyerusha alikuwa ndani ya uwanja. Wengine wanasema jukwaa lilikuwa karibu vya kutosha. Wakati ule mchezaji akiumia mechi ikiwa imeanza hakukuwa na wa kumbadilisha. Simpson aliumia kabla ya filimbi, kwa hiyo John Fallon, kipa wa akiba, aliruhusiwa kuvaa glavu na kukimbilia langoni mbele ya umati uliokuwa umeshaonja damu.

Hata hivyo Celtic ndio waliotangulia. Cejas alimwangusha Johnstone katika eneo la hatari, refa Esteban Marino wa Uruguay akaonyesha penalti, na Gemmell akaipiga kwa nguvu zake za kawaida, mpira ndani. Kwa dakika chache kombe lilikuwa la Glasgow. Norberto Raffo akasawazisha kwa kichwa kabla ya mapumziko (Celtic wanaapa mpaka leo kwamba alikuwa ameotea). Wachezaji walipoingia chumbani wakakuta mabomba hayatoi maji. Kipindi cha pili kilikuwa na dakika tatu tu Cárdenas alipofunga la pili. 2-1, na hapo Racing wakakaa juu ya mpira mpaka mwisho.

Kanuni ya bao la ugenini ilikuwa inatumika tayari katika mashindano ya Ulaya. Ingetumika hapa, penalti ya Gemmell ingetosha na Celtic wangeondoka na kombe usiku uleule. Kwa Kombe la Mabara, ushindi mmoja kwa mmoja ulimaanisha kuvuka Río de la Plata na kucheza tena baada ya siku tatu.

Mwenyekiti wa Celtic, Robert Kelly, alitaka timu irudi nyumbani. Kombe lenyewe, kwa maoni yake, halikuwa na thamani ya kuvunjiwa wachezaji. Stein alitaka kucheza. Tumezoea kumsifu Stein kwa kila jambo, na kwa mengi anastahili, lakini safari hii nadhani mwenyekiti ndiye aliyeona mbali. Wachezaji walikuwa wamechoka na wamekasirika, na kocha aliyejua kuwatuliza alikuwa na hasira kuliko wao. Kelly akakubali kwa shingo upande. Stein aliweka wazi kwamba safari hii watu wake hawatageuza shavu la pili.

Alikuwa na hesabu nyingine pia: Montevideo si Argentina. Centenario ndio uwanja ambao Uruguay iliifunga Argentina 4-2 katika fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka 1930, na Racing ndio waliowanyang'anya Nacional kombe la bara miezi miwili iliyopita. Wenyeji wangewashangilia Waskoti. Baadhi walifanya hivyo. Lakini meli na ndege zilileta maelfu ya Waargentina kutoka ng'ambo ya mto, na uwanja ukagawanyika.

Kwa mpira, kuna machache ya kusema juu ya nusu saa ya kwanza. Kila mguso ulizaa faulo, kila faulo ikazaa mkusanyiko. Pérez Osorio aliwaita manahodha akawaonya. Dakika ya 37 zikazuka vurugu za watu wengi, na refa akachagua wawili: Alfio Basile wa Racing na Bobby Lennox wa Celtic. Basile angalau alikuwamo kwenye vurugu. Lennox, winga mpole mwenye mbio, alishangaa, na Waskoti waliokuwa karibu walidhani refa amekosea mtu. Lennox mwenyewe alisimulia kwamba alipofika pembeni Stein alimrudisha uwanjani. Refa akamtoa tena. Stein akamrudisha tena. Ndipo askari mwenye upanga alipomsogelea na kumwashiria kwamba mazungumzo yamekwisha. Winga akaona afadhali aende akakae.

Baada ya mapumziko Johnstone, aliyekuwa amepigwa mateke kwa mechi mbili na nusu, alimrushia kiwiko Oscar Martín aliyekuwa amemng'ang'ania. Refa aliyeyaacha mengi yapite aliliona hilo. Celtic wakabaki tisa dhidi ya kumi.

Na hapo, dakika ya 56, mpira ukachezwa. Cárdenas, kijana wa miaka 22 kutoka Santiago del Estero, mkoa wa kaskazini wenye vumbi na joto, alipokea mpira akiwa mbali, mita kama 30 kutoka golini. Mabeki wa Celtic hawakumsogelea. Kwa umbali ule walikuwa na haki ya kungoja. Akausogeza mara moja, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Mpira ulipanda, ukapinda kidogo, ukaingia pembeni juu, mahali ambapo Fallon aliruka kwa wajibu tu. Filamu ya bao hilo ni ya rangi nyeusi na nyeupe na ya mikwaruzo, lakini shuti linaonekana vizuri, na hakuna ngwala wala mate yanayoweza kulipunguzia sifa. Lingefungwa Lisbon, watoto wa dunia nzima wangekuwa wanaliiga.

Yaliyofuata hayakuhusu matokeo. Dakika ya 74 Hughes alimvamia Cejas aliyekuwa ameukumbatia mpira, akampiga mbele ya kadamnasi. Alikuja kusema, kwa ukweli unaochekesha, kwamba alidhani hakuna anayemwangalia. Akatolewa. Gemmell naye alipita nyuma ya kundi la wachezaji waliokuwa wakibishana na kumpiga Raffo teke sehemu za siri, kisha akaendelea na safari yake kama mtu anayekwenda sokoni. Refa hakuona. Kamera ya televisheni iliona, na teke hilo likaja kuonekana Uingereza kote. Juan Carlos Rulli wa Racing akatimuliwa dakika za mwisho. Bertie Auld wa Celtic alipoambiwa atoke alijifanya haelewi, akakataa kata kata, na Pérez Osorio, amechoka, akarusha mikono na kuanzisha mpira upya.

Filimbi ya mwisho: Racing 1, Celtic 0. Mabingwa walipojaribu kuzunguka uwanja na kombe, sehemu ya wenyeji iliwarushia vitu mpaka wakakatisha shangwe. Huko Glasgow, Kelly aliamua kila mchezaji wa Celtic alimwe faini ya pauni 250, fedha nyingi kwa mshahara wa siku zile, bila kujali nani alipiga na nani alipigwa. Lennox alilipa sawa na Gemmell.

Jambo hilo halikuishia kwa Celtic. Mwaka uliofuata Manchester United walikutana na Estudiantes ya La Plata. Nobby Stiles alitolewa katika mechi ya kwanza, George Best na Hugo Medina katika ya pili, na Estudiantes wakachukua kombe kule Old Trafford kwa sare ya 1-1. Oktoba 1969 ikawa mbaya kuliko zote. Milan ilishinda 3-0 nyumbani, ikaenda Buenos Aires na kupoteza 2-1 katika mechi ambayo mshambuliaji wake Néstor Combin, mzaliwa wa Argentina mwenye uraia wa Ufaransa, alipigwa mpaka uso ukavunjika, kisha akakamatwa na polisi kwa madai ya kukwepa jeshi la nchi aliyozaliwa. Rais Juan Carlos Onganía, jenerali aliyekuwa ameshika nchi kwa mapinduzi, aliamuru wachezaji watatu wa Estudiantes wafungwe siku 30. Kwa Montevideo hakuna aliyefungwa. Labda kwa sababu Racing walikuwa wameshinda.

Ulaya ikaanza kukwepa. Ajax walikataa kwenda mwaka 1971, wakaenda Panathinaikos badala yao. Wengine wakafuata mfano, na miaka miwili, 1975 na 1978, kombe halikuchezwa kabisa. Lilinusurika kwa fedha za Japani: kuanzia toleo la 1980, lililochezwa Februari 1981, ikawa mechi moja tu mjini Tokyo, ya kwanza kati ya Nacional na Nottingham Forest, mbali na majukwaa ya pande zote mbili na bila ya mechi ya tatu.

Racing wenyewe walilipia shangwe kwa njia ya ajabu. Inasimuliwa Avellaneda kwamba usiku ambao mashabiki wao walikuwa Montevideo, watu wa Independiente waliruka ukuta wa El Cilindro na kufukia paka saba waliokufa chini ya goli. Ukiamini uchawi au usiamini, klabu iliyokuwa bingwa wa dunia ilikaa miaka 35 bila taji la ligi, ikashuka daraja mwaka 1983, na Machi 1999 ikatangazwa mbele ya waandishi wa habari kwamba haipo tena, madeni yameimaliza. Mashabiki walikataa kuizika. Katika miaka hiyo viongozi waliita hata padri aubariki uwanja, wakachimba, wakapata paka sita. Desemba 2001, nchi ikiwa imefilisika na rais amejiuzulu siku chache kabla, Racing ya kocha Reinaldo Merlo ilitoka sare 1-1 na Vélez na kuchukua ubingwa. Paka wa saba, wanasema, alikuwa amepatikana mwaka huohuo.

Waliokuwa Centenario walitawanyika kila mmoja kwa njia yake. Basile, wa kwanza kuonyeshwa kidole, alikuja kuwa kocha wa taifa la Argentina na kuipa Copa América mbili mfululizo, 1991 na 1993. Stein alifariki Septemba 1985 huko Cardiff, akiwa kazini, timu ya Uskoti ilipocheza na Wales. Na FIFA, iliyokuwa imekaa pembeni tangu 1960, ilikutana Kolkata tarehe 27 Oktoba 2017 na kuamua kuwatambua washindi wote wa Kombe la Mabara kuwa mabingwa wa dunia. Zilikuwa zimebaki siku nane itimie miaka 50 tangu shuti la Cárdenas.